Usiitupe Bodi Kabla ya Kuisikia

Ndugu msomaji, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumapili hii napenda tuzungumze juu ya kimya cha aina nyingine, yaani kimya cha mashine, ambacho siku hizi kimeanza kuingia majumbani mwetu pamoja na vijana wetu wanaosomea ufundi. Kimya hicho kinagharimu fedha, na mara nyingine kinagharimu hata amani ya nyumba.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu mkubwa, alikuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo cha ufundi. Kwa ajili ya mtihani wake alibuni chombo cha kupima kiasi cha maji katika tangi la nyumbani na kuizima pampu tangi linapojaa. Akili ya chombo hicho ilikuwa ni bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Raspberry Pi 4, ambayo upana na urefu wake haupiti sana kadi ya benki. Bodi za jina hilo zilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kutoka mji wa Cambridge, Uingereza, kwa nia ya kuwapa vijana kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia. Lakini unafuu hupimwa kwa mfuko wa mnunuzi. Kaka yangu aliinunua bodi ile kwa fedha alizokuwa amezitenga kwa mabati ya banda la uani. Msomaji anayezijua bei za mabati atafahamu kwamba ule haukuwa uamuzi mwepesi.

Chuoni bodi ilifanya kazi vizuri. Kijana akaja nayo nyumbani wakati wa likizo, akaiwasha, ikawa kimya. Haikuwa na kioo chake wala kibodi, kwani alizoea kuifikia kwa mtandao usio na nyaya kutoka katika kompyuta yake ya mkononi. Nyumbani alitafuta mtandaoni asiione. Televisheni ya baba yake ni ya zamani, haina tundu la kupokea waya wa bodi ile. Kilichoonekana ni taa nyekundu iliyowaka na taa ya kijani iliyokonyeza mara kwa mara, basi. Kwa siku sita kijana alikula chakula mezani na wazazi wake bila kuwaambia neno. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa.

Siku ya Jumamosi alikuja kwangu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Mbona uso umekunjamana hivyo?”

“Shangazi, bodi imekufa. Naomba uniazime fedha ninunue nyingine, tena baba asijue.”

Ndugu msomaji, fedha hizo sikuwa nazo. Lakini kazi yetu sisi waandishi ni kuuliza, nami nikamwuliza amejuaje kuwa imekufa. Akanijibu kwamba haisemi kitu. Nikamwambia: “Haisemi, au wewe ndiye huisikii?”

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka jambo. Mwalimu wao aliwahi kuwaeleza kwamba karibu kila bodi ya majaribio ina mlango mwingine wa kuzungumza nayo, usiohitaji kioo wala mtandao. Mlango huo huitwa konsoli ya mfululizo. Alikuwa hata amenunua Kariakoo kiunganishi chake, kidude kidogo chenye kichwa cha USB upande mmoja na pini kadhaa upande wa pili. Hakuwahi kukitumia kwa sababu aliogopa kuiunguza bodi. Hofu hiyo, kama utakavyoona, haikuwa ya kipumbavu.

Yafaa kwanza tueleze konsoli hiyo ni nini. Inaitwa ya mfululizo kwa sababu herufi hupita katika waya mmoja, alama moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba kwa zamu. Nyaya zinazohitajika ni tatu tu. Wa kwanza ni wa kusemea, ambao kwenye bodi huandikwa TX. Wa pili ni wa kusikilizia, nao huandikwa RX. Wa tatu ni waya wa pamoja, uandikwao GND, ambao mafundi wetu huuita ethi, na bila huo pande mbili hazina mahali pamoja pa kuanzia kupima umeme. Tangu dakika ya kwanza bodi inapoamka, huanza kusimulia kwenye waya wake wa kusemea kila inalolifanya: nimeiona kumbukumbu, nimeifungua kadi, nimeanzisha mtandao, nimekwama hapa. Husimulia hivyo hata kama hakuna anayesikiliza.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja, fundi wa redio, aliyeanza kazi katika miaka ya 1970 kwa kutengeneza teleprinta. Kompyuta hazijui sana, lakini umeme anaujua. Nilimchukua kijana tukaenda kwenye kibanda chake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Leta tuone.”

Mzee akakitazama kiunganishi, akakitazama tena, kisha akauliza umeme wa mdomo wa bodi ni volti ngapi. Kijana akasema 3.3. “Na wa kidude hiki?” Kijana hakujua. Mzee akaamuru kichomekwe katika kompyuta peke yake, bila kuunganishwa na bodi. Akachukua kipima umeme, akaweka ncha nyeusi kwenye GND na ncha nyekundu kwenye TX. Kumbuka kwamba waya wa kusemea unapokuwa haupitishi neno hukaa juu, kwa hiyo volti zake hupimika kwa urahisi. Kipimo kikaonyesha 5.

“Sauti hii ni kubwa mno kwa mtoto huyu,” alisema mzee. “Ingempasua masikio.”

Na hivyo ndivyo ilivyo. Pini za bodi ile hazistahimili volti 5, na lau kijana angeunganisha kwa haraka huenda angeiua kweli bodi ambayo alidhani imekwisha kufa. Katika kiunganishi kulikuwa na kikofia cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachofunika pini mbili. Kilikuwa kimekaa upande wa 5. Wakakichomoa kiunganishi kwenye kompyuta, wakahamishia kikofia upande wa 3.3, wakachomeka na kupima tena. Sasa kipimo kikasoma 3.3. Kazi yote hiyo haikupita dakika tano, nayo iliyaokoa mabati ya kaka yangu.

Iliyofuata ni hesabu ya pini. Bodi ile ina pini 40 katika safu mbili za 20. Ukiishika safu iliyo ukingoni, ukaanza kuhesabu kutoka upande wenye kadi ya kumbukumbu, pini ya kwanza na ya pili zina volti 5, ya tatu ni GND, ya nne ni TX na ya tano ni RX. Tazama jinsi usalama na hatari vilivyo majirani: ukikosea kuhesabu kwa pini moja tu, waya wa pamoja unaangukia kwenye volti 5. Kwa hiyo mzee alimtaka kijana ahesabu kwa sauti mara mbili, umeme ukiwa umezimwa. Waya mwekundu wa kiunganishi, ambao ni wa kupeleka umeme, waliuacha ukining'inia bila kuunganishwa, kwa kuwa bodi ina chanzo chake cha umeme.

Kabla ya kuwasha lilikuwepo jambo moja zaidi. Katika bodi za aina hiyo konsoli huwa imefungwa tangu mwanzo, na mwenyewe ndiye huifungua. Kijana alichomoa kadi ya kumbukumbu, akaitia katika kompyuta yake, akafungua faili liitwalo config.txt na kuongeza mstari mmoja: enable_uart=1. Akairudisha kadi mahali pake. Katika kompyuta akafungua programu ya PuTTY, ambayo haiuzwi, akachagua tundu ambalo kiunganishi kilikuwa kimepewa.

Wakawasha. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi.

Kijana alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Lakini mzee alicheka, akauliza: “Umeunganisha mdomo na nini?” Tulipochungulia tukakuta kijana ameunganisha TX na TX, RX na RX, akidhani herufi zinazofanana ndizo zinazooana. Huo ni mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio, na mazungumzo ya namna hiyo hayafiki popote. Mdomo wa huyu sharti ukutane na sikio la yule. Wakazima, wakazipishanisha nyaya mbili, wakawasha tena.

Safari hii kioo kilijaa, lakini kilijaa takataka: alama za ajabu ajabu, vibokisi na maswali, kama karatasi iliyomwagikiwa na kisanduku cha herufi za mpiga chapa. Kijana alishtuka, mzee ndiye aliyefurahi. “Anasema,” alituambia. “Ila nyinyi mnasikiliza polepole kuliko anavyosema.”

Hapa mzee alitueleza jambo alilolijua tangu enzi za teleprinta. Katika mazungumzo ya namna hii pande mbili hazina saa moja ya kuziongoza. Waya hukaa juu. Neno linapoanza hushuka mara moja kama ishara ya kuamsha. Zikafuata alama za herufi. Kisha waya hurudi juu kuonyesha kwamba herufi imekwisha. Anayesikiliza anapaswa kujua mwenyewe kila alama inachukua muda gani, la sivyo atazikata katikati na kusoma upuuzi. Kasi hiyo huhesabiwa kwa baudi, jina linalomuenzi Émile Baudot, mhandisi wa simu za maandishi wa Ufaransa aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1874. Teleprinta za telex zilikwenda kwa baudi 50. Ile ya Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963 na ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliitumia kuzungumza na kompyuta walipokuwa wakiujenga mfumo wa Unix, ilikwenda kwa baudi 110, yaani herufi 10 kwa sekunde. Hata leo, katika kompyuta za Linux, kiunganishi cha aina hii aghalabu hupewa jina la ttyUSB0. Herufi hizo tatu za mwanzo, tty, ni ufupisho wa jina la teletype.

Bodi ya mpwa wangu husema kwa baudi 115200. Kila herufi huchukua alama 10, yaani moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe na moja ya kumalizia, kwa hiyo hupita herufi 11,520 katika sekunde moja. Programu ya PuTTY, isipoelekezwa vingine, husikiliza kwa 9600. Kijana akabadilisha tarakimu hiyo, akazima na kuwasha bodi.

Ndugu msomaji, natamani ungekuwapo. Mistari ilianza kupanda kwenye kioo, safi, inasomeka, mmoja ukiusukuma mwingine. Bodi iliyodhaniwa maiti kwa siku sita ilikuwa ikisimulia habari zake zote, na mwisho ikasimama na kuuliza jina la mtumiaji. Ilikuwa nzima kabisa. Imeamka kila siku, imefanya kazi zake, imefika mlangoni na kungoja.

Katika masimulizi yale mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, bodi ililalamika tena na tena kwamba umeme unaoipata ni pungufu. Bodi ile hutoa onyo hilo umeme unaposhuka hadi karibu volti 4.63, ilhali yahitaji volti 5 zenye uwezo wa ampea 3. Kijana alikuwa ameacha chaja yake chuoni, akatumia chaja ya simu yenye waya mrefu na mwembamba. La pili ndilo lililokuwa kiini cha kimya: bodi haikuweza kuingia katika mtandao wa nyumbani. Aliandika jina lake na neno lake la siri, akaingia, akafungua programu ya mipangilio iitwayo raspi-config na kutazama upya. Neno la siri la mtandao wa nyumbani lina herufi O, naye alipolitia alikuwa ameandika sifuri. Alama moja tu. Akasahihisha, na haikupita dakika bodi ikaonekana mtandaoni kama ilivyokuwa ikionekana chuoni.

Mzee hakutaka malipo. Alisema tu kwamba amefurahi kuiona teleprinta tena, ingawa imekonda.

Sasa, kwa wewe msomaji mwenye kijana wa namna hii nyumbani, au wewe kijana mwenyewe, napenda uyashike machache. Pima volti za kiunganishi kabla hakijaigusa bodi, wala usiziamini rangi za nyaya, kwani watengenezaji hawafuati utaratibu mmoja. Soma maandishi ya kwenye pini. Unganisha waya wa pamoja kwanza. Usithubutu kuunganisha moja kwa moja tundu la pini tisa la kompyuta za zamani: tundu hilo hufuata kanuni ya RS-232, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960, na volti zake zaweza kufika 15 juu na 15 chini ya sifuri. Kila bodi ina mahali pake pa pini na volti zake, kwa hiyo tafuta mchoro wa bodi yako hasa, si wa bodi ya jirani. Raspberry Pi 5, kwa mfano, imewekewa tundu lake dogo la pini tatu kwa kazi hii.

Ukiisha kuunganisha, kioo chenyewe kitakuambia kosa liko wapi. Kikiwa cheusi kabisa, huenda TX na RX hazijapishana, au konsoli haijafunguliwa, au umechagua tundu silo. Kikijaa takataka, tazama kasi, na pia waya wa pamoja usiwe umelegea. Kikionyesha maandishi mazuri lakini hakipokei unachoandika, tazama waya unaotoka kwenye TX ya kiunganishi, kisha tazama ile sehemu ya programu inayohusu kuruhusiana kusema, ambayo kwa nyaya tatu hutakiwa kuzimwa. Ukitulia, haya yote ni kazi ya dakika chache.

Neno la tahadhari pia. Konsoli ni mlango wa nyuma. Yeyote awezaye kuzishika pini zile anaweza kubisha hodi moja kwa moja katika moyo wa mashine. Kwa miaka mingi bodi hizi ziliuzwa ulimwengu mzima zikitumia jina moja la mtumiaji na neno moja la siri linalojulikana na kila mtu, hata watengenezaji wa mfumo wake wakaliondoa jina hilo mwezi Aprili 2022. Mwenye bodi ya zamani na alibadilishe neno hilo leo hii.

Jioni ile nilimsindikiza mpwa wangu hadi kwa baba yake. Nilimwambia kwamba fedha sitamwazima kwa kuwa hazihitajiki tena, lakini habari ataitoa mwenyewe. Aliitoa yote, tangu siku ya kwanza hadi ile sifuri. Kaka yangu alisikiliza bila kumkatiza. Nilidhani atagomba. Badala yake aliuliza: “Siku sita zote hizo, kwa nini hukuniambia?” Kijana akasema aliogopa habari ya mabati. Baba yake akaitazama ile bodi, akamtazama na mwanawe, kisha akauliza kama kweli pampu itajizima yenyewe, maana bili ya umeme mwezi uliopita ilikuwa kubwa.

Siku ya mtihani pampu ilijizima mbele ya walimu. Baadaye kaka yangu alinichukua pembeni akaniambia kwamba tangu jioni ile amejiwekea utaratibu wa kumwuliza kijana habari za chuo kila wanapokaa kula, bila kungoja atoe mwenyewe. Nami nikaona huo ni utaratibu ninaoweza kuwapelekea wasomaji wangu pamoja na ule wa nyaya tatu.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.